Mlima Elgon: Kwa nini siku moja haitoshi

Mgeni anayefika pango la Kitum saa nne asubuhi na kuondoka saa nane mchana huwa na lalamiko moja: hakuona ndovu.

Ndovu wapo, ila wana saa zao. Huingia pangoni usiku, mmoja nyuma ya mwingine, wakipapasa njia kwa mikonga katika giza totoro. Wakifika ndani huchokonoa ukuta kwa pembe, kisha husaga na kumeza vipande vya mwamba wenye chumvi. Mvua nyingi ya mlimani huosha chumvi kwenye udongo, kwa hivyo majani wanayokula hayawatoshelezi. Kitum ina kina cha takriban mita 200, na alama za pembe zimejaa ukutani. Ujangili wa miaka ya 1980 uliwapunguza sana ndovu hawa, hivyo kuwaona kunahitaji subira na bahati pia.

Ndiyo maana anayetaka kuwaona wanyama wa Elgon anashauriwa kutenga siku tatu au nne. Wakazi wengi wa Trans Nzoia huutazama mlima huu kila asubuhi bila kuwahi kuukanyaga, ilhali lango la Chorlim liko mbele kidogo tu ya Endebess.

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka wa 1968, ina ukubwa wa kilomita mraba 169. Siku ya kwanza ni ya msitu, na haifai kuharakishwa. Hapa kuna miti mirefu ya podo na mierezi, na juu yake mbega weusi kwa weupe hurukaruka tangu alfajiri. Kima pia wako. Chini, pongo na nyati hutoka kichakani jua linapopungua. Anayetembea kimya na kusimama mara kwa mara huona mengi kuliko anayekimbilia kilele.

Juu ya msitu kuna mianzi, kisha nyika ya baridi yenye mimea ya ajabu mirefu kuliko mtu. Kilele cha Koitobos kina mita 4,222. Wagagai, chenye mita 4,321, kiko upande wa Uganda. Atakayevuka mpaka lazima akamilishe taratibu za uhamiaji kabla ya safari. Ndani ya kasoko ndiko Mto Suam unakoanzia, ule unaoitwa Turkwel ukishafika nyanda za chini.

Kuna mambo matatu yasiyo ya mzaha.

La kwanza ni nyati. Usitembee bila askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) mwenye silaha, hata kama wewe ni mwenyeji na unaijua njia.

La pili ni popo wa mapangoni. Mwaka wa 1980 na tena 1987, watu wawili waliozuru Kitum waliugua homa ya Marburg na kufariki. Virusi hivyo hubebwa na popo wala matunda. Usiguse popo wala kinyesi chao, usile ndani ya pango, na nawa mikono kwa sabuni ukitoka. Ukipata homa kali katika wiki tatu zinazofuata, nenda hospitalini na umweleze daktari kwamba uliingia pangoni. Usipomwambia, huenda akadhani ni malaria tu.

La tatu ni mwinuko. Kichwa kikiuma na kutapika kukianza, teremka siku hiyo hiyo. Kulazimisha kilele si ushujaa.

Miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo mikavu zaidi. Masika yakianza, barabara ya mlimani huwa matope matupu. Beba nguo nzito, kwani usiku juu huko maji huganda. Ada ya kuingia hulipwa kupitia eCitizen, si kwa pesa taslimu langoni, na ni lazima uwe na kitambulisho ili utozwe kiwango cha Mkenya.