Kupe Anayeishi Ukutani

Kupe wa mbwa, yule wa rangi ya hudhurungi ambaye wanasayansi humwita Rhipicephalus sanguineus, hutumia takriban asilimia 95 ya maisha yake mbali na mbwa. Huyo unayemng'oa sikioni amekuja kula tu. Akishiba hujiachia, huanguka chini, kisha huanza kupanda. Kupe wengine hukaa nyasini wakingoja mnyama apite. Huyu anapenda ukuta.

Ingia kwenye kibanda cha mbwa jioni ukiwa na tochi. Mulika pale sakafu inapokutana na ukuta, nyuma ya ubao wa mlango, halafu juu kabisa kwenye mbao zilizoshika bati. Ukibahatika, kama hiyo ni bahati, utamkuta jike aliyeshiba, wa kijivu, ametuna kama mbegu ya mbarika, anajikokota kutafuta ufa. Akiupata hutaga mayai yanayoweza kufika 4,000, kisha hufa. Wanaoanguliwa wana miguu sita tu, nao ni wadogo mno. Hushuka, hunyonya damu siku chache, hurudi ufani kujivua gamba na kutoka na miguu minane. Hushuka tena, hunyonya, hurudi. Mara ya tatu hushuka wakiwa wazima. Kwenye joto letu mzunguko wote huweza kukamilika ndani ya miezi miwili hivi, na kama mbwa hayupo, kupe mzima anaweza kukaa miezi mingi bila kula akimngoja.

Kwa hiyo anayemwogesha mbwa dawa kila Jumamosi na kumrudisha kwenye kibanda kilekile anafanya kazi isiyo na mwisho. Dawa inapaswa kuingia kwenye nyufa pia. Tena ni heri kuziba nyufa zenyewe kwa saruji, maana fundi analipwa mara moja na dawa hununuliwa kila mwezi. Wakati wa kufanya hivyo ni kabla ya mvua: Februari, masika hayajaanza, na tena Septemba kabla ya vuli. Kupe wa ukutani yupo mwaka mzima, lakini mvua humletea wenzake wa nyasini. Mmoja wao ni yule anayewapa ng'ombe ndigana kali. Mbwa haugui ndigana kali, ila kupe huyo akimkuta njiani hamwachi.

Hasara ya damu inayonyonywa ni ndogo kwa mbwa mkubwa. Shida ni kile kupe anachokiacha. Bakteria aitwaye Ehrlichia canis, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza Algeria mwaka 1935, hujificha ndani ya chembe nyeupe za damu. Wakati wa vita vya Vietnam mamia ya mbwa wa jeshi la Marekani, hasa German Shepherd, waliugua ugonjwa huu na wengi wakafa, baadhi wakitokwa na damu puani bila kukoma. Kingine ni Babesia, kimelea kinachopasua chembe nyekundu. Aina yake kali kuliko zote, Babesia rossi, ni ya hapa Afrika, na mwenyeji wake wa asili ni bweha, ambaye hutembea nayo bila kuonekana mgonjwa.

Dalili mwenye mbwa anaweza kuziona mwenyewe bila kipimo chochote. Mbwa hataki kula, anajilaza pembeni, mwili una moto, mkojo umekuwa mwekundu au rangi ya chai ya rangi. Inua mdomo wake wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole, achia. Kwa mbwa mzima doa jeupe hurudi kuwa la waridi ndani ya sekunde mbili. Ukikuta ufizi wote ni mweupe hata kabla ya kubonyeza, usingoje kesho. Ehrlichia hutibika kwa doksisaiklini ikiwahiwa, Babesia ina dawa yake nyingine kabisa, na daktari wa mifugo mwenye hadubini anaweza kuvitofautisha kwa tone la damu.

Jinsi hali ya hewa na kupe wanavyoshirikiana kuua, mfano mkubwa uko Serengeti. Mwaka 1994 simba wapatao 1,000, karibu theluthi moja ya simba wote wa huko, walikufa kwa distempa, ugonjwa wa virusi uliokuwa ukizunguka miongoni mwa mbwa wa vijiji vilivyopakana na hifadhi. Lakini watafiti walipopima damu ya simba iliyohifadhiwa miaka mingi, waligundua kwamba virusi hivyo vilikwisha kupita mara kadhaa huko nyuma, na simba hawakufa. Kwa nini safari hii? Jibu lilichapishwa mwaka 2008. Kabla ya janga hilo kulikuwa na ukame mkali. Nyati walidhoofu, wakajaa kupe, wakafa kwa wingi. Simba wakawala, na kupe wakahamia kwa simba pamoja na Babesia. Distempa ilipokuja kushusha kinga ya mwili, Babesia ambayo kwa kawaida simba huivumilia ikawamaliza. Ngorongoro yalitokea yaleyale mwaka 2001, tena baada ya ukame. Mbwa wa kijijini aliyechanjwa distempa, basi, si suala la mwenye mbwa peke yake.

Kuhusu dawa, ninalo neno kali kidogo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ikimiminwa kwa kukisia kwenye ndoo ya mbwa inaweza kumdhuru kuliko kupe wenyewe. Soma kibandiko, pima kwa bomba la sindano, na kama kibandiko hakimtaji mbwa, muulize bwana mifugo kwanza. Zipo dawa salama kwa mbwa zinazomuua paka: permethrin ni mojawapo, na paka anayelala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa yumo hatarini. Oili chafu ya gari, ambayo bado watu wanampaka mbwa mwenye ukurutu, ni sumu. Mbwa huilamba yote. Kupe mmojammoja mng'oe kwa kibano, umshike karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumminya. Mafuta ya taa na kiberiti viache jikoni. Usisahau kwapani na katikati ya vidole.

Masika huleta pia madimbwi. Mkojo wa panya huyaingizia vijidudu vya leptospira, na mbwa anayekunywa humo au kuvuka akiwa na kidonda hupata homa, manjano na figo kushindwa kazi. Ni ugonjwa uleule ambao Watanzania waliusikia Julai 2022, wagonjwa walipotokwa na damu puani wilayani Ruangwa mkoani Lindi na serikali ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda. Mbwa aliyeambukizwa huutoa kwenye mkojo wake, hivyo anayefagia banda avae buti na glavu. Chanjo ipo, ingawa haikingi aina zote.

Kipupwe hakina mengi. Watoto wa mbwa katika wiki mbili za kwanza hawawezi kujitengenezea joto la kutosha, na huko Njombe au Limuru sakafu ya saruji ya Julai inatosha kuwaua. Gunia kavu na ubao ulioinuliwa kutoka chini vinatosha.

Kiangazi ni msimu wa funza. Mdudu huyu si wa kwetu: aliletwa kutoka Brazili mwaka 1872 kwa meli iliyotia nanga Ambriz, Angola, na katika miaka isiyozidi thelathini alikwisha kulivuka bara hadi pwani yetu. Hustawi kwenye vumbi na mchanga mkavu. Jike hujichimbia kati ya vidole vya mbwa au kwenye nyama ya wayo, huvimba, na hurusha mayai yake chini. Kaya nyingi huwatoa watoto funza kwa bidii na kumsahau mbwa anayelala mlangoni, ndipo wanashangaa watoto wanapata tena. Mtazame mbwa miguu siku ileile mnayowatazama watoto, na mwagieni maji sakafu ya vumbi kabla ya kufagia.

Wapo wanaoamini jua la kiangazi ndilo linalomtia mbwa kichaa. Siyo. Kichaa cha mbwa ni virusi vinavyopita kwenye mate, kwa kung'atwa, mwezi wowote. Chanjo ni kila mwaka, na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri nyingi huchanja bure. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Jua huua kwa njia nyingine. Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi ukivuma pwani, hewa inakuwa ya joto na nzito kwa unyevu. Mbwa hatoki jasho ila kidogo kwenye nyayo. Hujipoza kwa kuhema, maji yakikauka ulimini. Hewa ikishajaa unyevu maji hayo hayakauki, naye huhema bure. Ndiyo maana Dar es Salaam au Mombasa mbwa anaweza kuzidiwa hata kivulini, na mwenye pua fupi, kama bulldog, huwa wa kwanza. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Akianza kuyumba, ulimi umekuwa mwekundu sana na mate yamekuwa mazito, mhamishe palipo na upepo, mmwagie maji ya bomba mwili mzima, mpepee, kisha ndipo mtafute usafiri wa kumpeleka kwa daktari. Akiwa hana fahamu msimnyweshe.

Nyumba nyingi za mjini humfungia mbwa wa ulinzi mchana kutwa kwenye kibanda cha zege chenye bati la futi tano, na humfungulia usiku. Bati hilo saa saba mchana halishikiki. Weka makuti juu yake, badilisha ukuta mmoja uwe wavu upande unaotoka upepo, na weka sufuria mbili za maji badala ya moja, maana ya kwanza huwa ameipindua kabla ya saa nne.