Kombe la Chalenji: Michuano ya Majirani

Kombe la Chalenji, michuano ya timu za taifa za Afrika Mashariki na Kati, lilianzia kwenye sabuni. Mwaka 1926 kampuni ya Gossage, watengenezaji wa sabuni wa Uingereza, ilitoa kikombe kigombewe na Kenya na Uganda. Kwa karibu miaka 20 kikawa cha majirani hao wawili tu, hadi Tanganyika ilipoingia mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Jina la Gossage lilifutwa mwaka 1967. Mwaka 1973 michuano ikawa chini ya CECAFA, baraza la vyama vya soka vya ukanda huu, na timu zikaongezeka.

Timu hukutana katika nchi moja, kwa kawaida mwishoni mwa mwaka, zikacheza makundi, nusu fainali na fainali. Kwa kuwa mechi nyingi haziangukii kwenye kalenda ya FIFA, klabu hazilazimiki kuwaachia wachezaji wao. Wanaocheza Ulaya huonekana kwa nadra, na jukwaa hubaki kwa vijana wa ligi za nyumbani. Timu za nje ya ukanda nazo hualikwa: mwaka 2010 Ivory Coast ilifika hadi fainali jijini Dar es Salaam, ikafungwa 1-0 na Tanzania Bara.

Ndiyo, Tanzania Bara, si Tanzania. Hapa ndipo utamu wa Chalenji ulipo. Zanzibar si mwanachama wa FIFA, hivyo kwenye kufuzu Kombe la Dunia wachezaji wake huvaa jezi ya Taifa Stars pamoja na wenzao wa Bara. Kwenye Chalenji kila upande hujitegemea: Kilimanjaro Stars kwa Bara, Zanzibar Heroes kwa Visiwani. Zanzibar ililibeba kombe mwaka 1995 nchini Uganda, mara yake pekee.

Nusura ilibebe tena mwaka 2017. Machi mwaka huo CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliikubali Zanzibar kuwa mwanachama kamili, na Julai ikabatilisha uamuzi huo. Desemba, nchini Kenya, Heroes waliichapa Bara 2-1, kisha wakaitoa Uganda katika nusu fainali kwa matokeo yaleyale. Katika fainali mjini Machakos, Kenya ilitangulia mapema. Zanzibar wakasawazisha dakika za mwisho, wakafungwa tena katika muda wa nyongeza na kusawazisha tena. Ikaja mikwaju ya penalti, na hapo kipa wa Kenya, Patrick Matasi, akawanyima kombe.

Kwa idadi ya mataji hakuna wa kuifikia Uganda. Ilipoifunga Eritrea 3-0 mjini Kampala mwaka 2019 ilitimiza mataji 15. Mwaka 2021, nchini Ethiopia, michuano iliachiwa vijana wa chini ya miaka 23, na Tanzania ikaishinda Burundi kwa matuta.