Freni kwanza, kona baadaye

Ndugu wahitimu, wengi wetu tukipata kazi kwenye miradi ya kilimo tunakabidhiwa gari kabla hata ya mshahara wa kwanza. Chuoni tulifundishwa udongo na mbegu, volani hapana.

Tuanze na pine. Sehemu yake inayogusa barabara ni ndogo, karibu sawa na kiganja. Gari lote linashikilia kwa viganja vinne hivyo, na nguvu hiyo ina mpaka: ukiimaliza kwa freni, haibaki ya kukata kona. Kwenye changarawe, kama ukipanda Lemera, mpaka unafika haraka sana.

Sasa uzito. Ukikanyaga freni, uzito unakimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi. Ukifanya hivyo katikati ya kona, nyuma inateleza na gari linazunguka. Kwa hiyo punguza mwendo gari likiwa bado limenyooka, achilia freni polepole, ndipo ukate. Mafuta unayarudisha volani inapoanza kunyooka. Watu wanasahau kule kuachilia: mguu ukitoka ghafla, pua ya gari inainuka na pine za mbele zinakosa uzito wakati ule ule unazihitaji.

Jackie Stewart, Mskoti aliyekuwa bingwa wa dunia wa Formula 1 mwaka 1969, 1971 na 1973, alifundisha kwa kuweka mpira ndani ya bakuli juu ya boneti, ukianguka, umeshindwa. Sisi tuna kipimo kizuri zaidi: nyanya za Ruzizi zinazopanda Bukavu. Zikifika zimepasuka, hasara ni ya mkulima, siyo yako.

Na gari likipinduka kwetu halimuumizi dereva peke yake. Sange, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka, likawaka, watu zaidi ya 200 wakafa.

Mteremko nao una sheria yake. Ukishuka Ngomo kuelekea Kamanyola, ingiza vitesi ndogo kabla ya kuanza kushuka, motere ishike gari, freni uikanyage kwa vipindi. Ukiikanyaga muda wote inapata moto, pedali inalegea, gari halisimami tena. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali palipo sawa, zuia pine kwa jiwe na usubiri freni ipoe yenyewe. Usimwage maji, chuma cha moto kinapasuka.