Imbwa Anatoka Mate: Je, Ni Buibui?

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama munaokaa kambini muchana muzima, leo tuzungumuze juu ya imbwa na paka zetu.

Siku moja kijana wa posti ya usiku alikuja dispanseri kutafuta dawa ya kikohozi. Niliona kitambaa kwenye kidole chake, nikamuuliza. Akajibu: « Si kitu, munganga. Imbwa yangu aliumwa na buibui nyuma ya magunia ya makala. Mate yalikuwa yakimutoka, hakuweza kumeza. Nikafungua kinywa chake nitafute kidonda, jino likanikwaruza. » Na imbwa yuko wapi? « Alikufa jana. Tumekwisha kumuzika. »

Kikohozi tulikisahau, mimi na yeye.

Ni kweli, kuna buibui wa sumu. Mumoja anapenda kukaa karibu na nyumba: chini ya viti, ndani ya mipira ya zamani ya motokari, ndani ya kopo tupu. Ni wa kahawia, na chini ya tumbo ana alama nyekundu ao ya rangi ya chungwa, sawa pembe tatu mbili zinazogusana kwa ncha. Mufuko wa mayai yake una vimiba vidogo pande zote. Akiuma imbwa, kidonda chenyewe hakionekani kwa sababu ya manyoya. Utaona imbwa analamba mahali pamoja tu, anachechemea, ao pua imevimba upande mumoja. Sumu ikiwa nyingi, kwa saa chache tumbo linakuwa gumu, anatetemeka, anahema, anatoka mate. Paka anaumia zaidi, analia kwa uchungu.

Hapo ndipo hatari ilipo. Imbwa mwenye kichaa naye anatoka mate! Taya lake linalegea, hawezi kumeza, na watu wanasema: ni buibui, ao mufupa umemukwama. Lakini mwenye kichaa anabadilika tabia. Aliyekuwa mupole anauma, aliyekuwa mukali anajificha. Sauti inageuka, anatafuna miti na mawe. Wengine hawana ukali hata kidogo, wanalegea tu. Kwa hiyo macho peke yake hayatoshi, hata macho yangu mimi.

Basi, imbwa akitoka mate, usitie mukono kinywani mwake. Mufungie ndani ya lupangu, watoto wakae mbali, umuite munganga wa wanyama. Kama ni buibui, yeye ndiye atakayetuliza uchungu. Usikate kidonda, usikifunge kwa kamba, usimwangie petroli. Usimupe vidonge vyako: paracetamol ni sumu kali kwa paka. Na akikufa, usimuzike haraka. Munganga akiweza kutuma kichwa kipimwe, tutajua.

Mutu aliyeumwa, aliyekwaruzwa, ao aliyelambwa juu ya kidonda, aoshe mahali pale kwa maji na sabuni dakika 15 kamili, kisha aje siku ile ile. Chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu Louis Pasteur aliitoa mwaka 1885, kwa mutoto wa miaka 9 aliyeumwa na imbwa, na mutoto yule akapona. Lakini chanjo inasaidia kabla ya ugonjwa kuanza. Ukisha kuanza, karibu wote wanakufa. Na unaweza kulala mwilini wiki nyingi, hata miezi, bila dalili.

Kijana wetu tulimuosha kidole, ingawa siku mbili zilikuwa zimepita, na sindano zikaanza siku ile. Nikamutuma nyumbani alete watoto wake wawili. Imbwa alizoea kuwalamba, na mudogo alikuwa na upele wazi kwenye mukono. Wao pia wakadungwa. Mudogo alinichukia sana! Wote watatu walimaliza sindano, na wako wazima.

Ilikuwa buibui ao kichaa? Imbwa ilikuwa imezikwa, hatutajua. Sasa wana imbwa mwingine. Karti ya chanjo yake imetundikwa ukutani, karibu na kalendari, na kila mwaka baba anaandika tarehe mupya.