Trauti wa Mlima Kenya ni shahidi wa maji ya Wabera

UKIMWAMBIA mkazi wa Wabera, mjini Isiolo, kwamba safari isiyofika saa mbili kwa matatu itamfikisha mahali ambapo watu huvua samaki wakiwa wamejifunika makoti mazito, huku meno yakigongana kwa baridi, huenda akadhani unamfanyia mzaha.

Wabera ni mahali pa jua, upepo na vumbi. Chakula kinachosifika hapa ni nyama ya mbuzi na maziwa ya ngamia. Jina lenyewe ni la kumkumbuka Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliyeuawa Juni 1963 pamoja na Chifu Haji Galma Dido, miezi michache kabla ya Uhuru. Kwa jamii nyingi za wafugaji wanaoishi katika mji huu, kula samaki halikuwa jambo la desturi. Ni Waturkana, waliozoea ziwa lao, ambao tangu jadi wanajua ladha yake.

Hata hivyo, mtu akisimama Wabera asubuhi na mapema kabla ya mawingu kutanda, akatazama upande wa kusini, atauona Mlima Kenya. Ni huko yanakotoka maji ya Mto Isiolo. Na katika vijito vya baridi vya mlima huo anaishi trauti, samaki mwenye madoadoa ambaye wazungu walimleta hapa nchini zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Samaki huyu na mtoto wa Wabera anayesubiri foleni ya maji akiwa na mtungi wake wana jambo moja linalowaunganisha. Wote wawili wanategemea mlima mmoja.

Mgeni kutoka mbali

Trauti si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Trauti wa kahawia asili yake ni Ulaya na sehemu za jirani za Asia na Afrika Kaskazini. Mnamo 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya samaki huyo kutoka Loch Leven, Uskochi. Mayai hayo yalisafirishwa kwa meli yakiwa yamewekwa katika ubaridi, kisha kwa gari la moshi, na hatimaye yakabebwa na wapagazi hadi Mto Gura katika milima ya Aberdare. Ni ajabu kwamba yalifika yakiwa hai.

Mnamo 1910 akaletwa ndugu yake, trauti wa upinde wa mvua, kutoka Afrika Kusini. Huyu ana mstari wa rangi ya waridi ubavuni, na asili yake ni mito inayoingia katika Bahari ya Pasifiki. Baadaye vituo vya kuzalishia samaki hawa vilijengwa, kikiwemo kile cha Kiganjo karibu na Nyeri, na vifaranga wakapandwa katika mito mingi ya nyanda za juu.

Huko kwao Marekani na Kanada, baadhi ya trauti wa upinde wa mvua hufanya jambo la ajabu. Huzaliwa mtoni, wakashuka hadi baharini, wakakaa huko mwaka mmoja au zaidi wakinenepa, kisha wakarudi kuzaa katika mto ule ule waliozaliwa. Inaaminika kwamba harufu ya maji ya nyumbani ndiyo inayowaongoza. Anayerudi hivyo huitwa stilihedi, yaani 'kichwa cha chuma'. Wavuvi wa huko humfuata hata katikati ya majira ya baridi, wakisimama mtoni hadi mapajani huku barafu ikiganda kwenye fito zao.

Je, trauti wa Mlima Kenya anaweza kufanya safari hiyo? La, hawezi. Mito ya upande huu wa mlima huteremka hadi Ewaso Ng'iro, jina ambalo kwa Kisamburu na Kimaasai lina maana ya maji ya rangi ya kahawia. Mto huo hupita Archer's Post na Merti, kisha hupotelea katika kinamasi cha Lorian. Hauifikii bahari. Isitoshe, trauti angekufa kwa joto muda mrefu kabla ya kuufikia mji wa Merti.

Kipupwe cha kila usiku

Kwa nini baridi ni uhai kwa samaki huyu? Jibu liko katika hewa. Samaki huvuta oksijeni iliyoyeyuka majini, na maji baridi hubeba hewa hiyo nyingi kuliko maji ya moto. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 10 za Selsiasi inaweza kubeba miligramu 11 hivi za oksijeni. Yakifika nyuzi 25, kiasi hicho hushuka hadi 8 hivi. Trauti ni samaki wa mbio na anahitaji hewa nyingi. Hustawi katika maji ya nyuzi 10 hadi 16 hivi, hutaabika yakizidi 20, na yakikaribia 25 maisha yake huwa hatarini.

Ndiyo sababu mvuvi wa hapa kwetu hangoji majira ya baridi kama Mmarekani. Juu mlimani kipupwe huja kila usiku na kuondoka kila asubuhi. Alfajiri trauti hulala chini, nyuma ya jiwe, wala hataki kujisumbua. Jua likishapasha maji kidogo, wadudu huanza kuibuka, naye hupanda kuwadaka.

Kinachotazamwa zaidi ni mvua. Masika na vuli mito huwa imejaa tope, na samaki haoni chambo. Miezi mizuri ni ile ya ukavu, Januari na Februari, na tena kuanzia Julai hadi Septemba, maji yanapokuwa maangavu kama kioo.

Sanaa ya kumdanganya

Trauti wa mtoni havuliwi kwa wavu wala kwa mnyoo. Kwa desturi ya mchezo huu, huvuliwa kwa ufito mwepesi na nzi bandia, ambaye ni ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na uzi hadi ikafanana na mdudu. Nzi huyo hana uzito wowote, kwa hivyo ni mshipi wenyewe, ulio mnene kidogo, unaorushwa mbele na nyuma hadi umpeleke mahali panapotakiwa.

Samaki hukaa ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka, kwa sababu chakula chake huletwa na mkondo. Basi mvuvi mjanja humjia kwa nyuma, akipanda mto polepole. Huinama ili kivuli chake kisianguke majini, na hukanyaga taratibu kwa sababu samaki huhisi mtikisiko wa mawe. Humwangusha nzi juu kidogo ya mahali anapodhani samaki amejificha, kisha humwacha aelee kwa mwendo ule ule wa maji. Nzi akivutwa hata kidogo kinyume na mkondo, trauti hutambua hila.

Mtu anaweza kushinda kutwa asipate hata mmoja. Lakini mvumilivu hula mbivu, na wengi wa wanaoupenda mchezo huu husema utulivu wa mto ni nusu ya faida.

Zamani ulikuwa mchezo wa walowezi na wageni wao, na hata leo umebaki na sifa ya kitajiri. Mwanamfalme William wa Uingereza alimposa Kate Middleton Oktoba 2010 katika kibanda cha Rutundu, kando ya ziwa lenye trauti upande wa kaskazini wa mlima. Lakini hakuna sheria inayosema ni lazima uwe mwana wa mfalme.

Njia ya kutoka Isiolo

Familia inayotoka Isiolo hupanda barabara ya mlimani hadi makutano ya Subuiga. Kushoto ni Meru, na kulia ni Timau na Nanyuki. Isiolo iko kwenye mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na Timau imezidi mita 2,000. Ndani ya safari hiyo fupi utaona michongoma ikiisha na mashamba ya ngano yakianza. Beba sweta za watoto.

Asiyetaka kuhangaika na ufito anaweza kutembelea mojawapo ya mashamba ya trauti yaliyoko kati ya Timau na Nanyuki. Huko maji ya kijito huelekezwa katika mabwawa, hupita kwa kasi, kisha hurudishwa mtoni. Watoto huona samaki wakilishwa, na mzazi hununua wa kupika. Nyama yake mara nyingi ni ya rangi ya waridi. Haihitaji mambo mengi, kwani chumvi, kitunguu saumu, ndimu na makaa ya wastani yanatosha. Kwa familia za Kiislamu, samaki hana shida ya kuchinjwa.

Anayetaka kuvua mtoni sharti apate kibali kwanza. Aulize katika ofisi ya uvuvi iliyo karibu, na akiingia ndani ya hifadhi ya taifa kuna ada za Shirika la Huduma za Wanyamapori. Msituni kuna ndovu na nyati, hivyo usiende bila mtu anayeijua njia. Mvua ikinyesha juu, toka mtoni mara moja, maana maji hufurika ghafla.

Bandu bandu huisha gogo

Sasa turudi kwa yule mtoto mwenye mtungi.

Trauti jike huchimba kiota kwa mkia wake katika changarawe, akataga na kuyafukia mayai. Katika maji ya nyuzi 10, mayai ya trauti wa upinde wa mvua huanguliwa baada ya mwezi mmoja hivi. Katika muda wote huo ni lazima maji safi yapenye kati ya vijiwe. Shamba likilimwa hadi ukingoni mwa mto, udongo huteremka ukaziba changarawe, na mayai hufa kwa kukosa hewa. Miti ya ukingoni ikikatwa, jua hupasha maji. Na maji yakipunguzwa kwa mabomba na mifereji ya kunyunyizia mashamba, yale machache yanayobaki hupata joto upesi zaidi.

Hayo ndiyo mambo yale yale yanayomkausha mtu wa chini. Vipimo vya Ewaso Ng'iro pale Archer's Post vilionyesha kwamba katika miaka ya 1960 mto ulipitisha karibu mita 9 za ujazo kwa sekunde mwezi wa Februari, ambao ni wa kiangazi. Kufikia miaka ya 1990, wakati kilimo cha umwagiliaji kilikuwa kimeenea sana huko juu, wastani huo ulikuwa umeshuka hadi karibu 1. Mfugaji wa Merti hakuona ni nani aliyechukua maji yake. Kila mmoja alichukua kidogo.

Wengi hulaumu kuyeyuka kwa barafu ya kileleni. Ni kweli barafu hiyo imepungua mno, lakini sehemu kubwa ya maji ya mito hii hutoka kwa mvua inayonyesha katika msitu na nyika za juu, ambazo huinyonya na kuitoa taratibu wakati wa kiangazi. Msitu ukiharibiwa, ghala hilo limebomolewa.

Habari njema ni kwamba watu hawakukaa kimya. Sheria ya Maji ya 2002 ilitambua vyama vya watumiaji maji, ambamo wakulima wakubwa na wadogo wa mto mmoja, kama wale wa Mto Ngusishi karibu na Timau, hukaa pamoja na kupangiana zamu za kuchota ili maji yawafikie wa chini.

Isisahaulike kwamba trauti naye ana lawama zake. Wataalamu wa dunia wamemweka, wa kahawia na wa upinde wa mvua wote wawili, katika orodha ya viumbe 100 wageni waliovamia makao ya wengine na kuleta madhara makubwa. Hula wadudu na samaki wenyeji. Si vyema kumpanda kila mahali.

Lakini pale alipo tayari, anatufaa kama shahidi. Kwa mwanafunzi anayetaka kuthibitisha, kazi ni rahisi. Abebe kipimajoto, akiingize katika kijito kule Timau, kisha katika Mto Isiolo karibu na mji. Ageuze mawe machache huko juu atazame wadudu wadogo wenye mikia mitatu, ambao ndio chakula cha trauti na ambao hawapendi maji machafu. Afanye hivyo kila likizo, aandike tarehe na nyuzi katika daftari, na alipeleke darasani.

Siku akiona maji ya juu yamezidi nyuzi 20 na wadudu hawapo, hatakuwa na haja ya kuuliza kama trauti bado yuko. Na watu wa Wabera watajua kwamba zamu yao ya kukosa maji iko njiani.