Shamba Limegeuka Msitu: Tuanzie Wapi?

Mwezi huu tumeulizwa swali moja na akina mama, na wazee, hata na vijana ambao jembe la nyumbani wanalisikia tu kwenye hadithi: shamba likikaa miaka mingi bila mwenyewe, linarudiwa vipi? Wengine wetu tuliondoka Burundi mwaka 1993, wengine mwaka 2015. Wenzetu wa Fizi na Uvira, wapo waliovuka ziwa tangu 1996. Hatuandiki ili kumwambia mtu arudi au abaki, hilo ni la kila familia. Tunaandika kwa sababu siku ukifika, majani yatakuwa yamekutangulia.

Watu wengi wakiliona pori wanashika panga asubuhi ileile. Tunasema hapana, ngoja kwanza. Shamba lililolala halina maana kwamba ni tupu. Humo ndani kuna mipaka, kuna makaburi, kuna shimo la choo cha zamani lililofunikwa na majani, kuna nyoka. Na mara nyingi kuna jirani ambaye amekuwa akilima kipande chake humo miaka yote, labda kwa nia njema, labda sivyo. Ukifyeka mche wa mpaka, umefuta ushahidi wako mwenyewe kwa mkono wako. Migogoro ya namna hii ilikuwa mingi mpaka Burundi ikaunda tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB, mwaka 2006. Kwa hiyo nenda kwanza kwa viongozi wa kilima na bashingantahe, zunguka mpaka pamoja na majirani wa pande zote, mfunge vitambaa kwenye miti ya mpaka. Hapo ndipo panga litoke.

Angalizo: kama ua wa zamani ni wa minyaa, ukiukata unatoa maziwa meupe. Yakiingia machoni yanaunguza vibaya sana. Watoto wasisogee.

Kwenye sehemu zilizopiganiwa, waulizeni waliobaki: wanajeshi walipiga kambi wapi? Ni njia gani watu hawapiti mpaka leo? Ng'ombe amewahi kulipukiwa wapi? Ukiona chuma usichokijua, usikiguse, usikirushie jiwe, na usichome majani ya hapo, maana moto unaweza kukilipua. Simama, rudi kwa nyayo zako zilezile, weka alama kwa mbali, toa taarifa kwa viongozi. Watoto hupenda kuokota vyuma vya kuuza. Waambieni kabla hamjafika, msingoje kufika.

Sasa kufyeka kwenyewe. Zana ni zilezile: panga, shoka, jembe, na fyekeo, ambalo wenzetu wa Kongo wanaliita kupekupe. Noa kila mara, kwa sababu fyekeo butu linamchosha mtu kuliko pori lenyewe. Usianze na shamba zima. Chukua kipande cha hatua 20 kwa 20 karibu na nyumba, kimalize kabisa, mizizi na yote, halafu ongeza. Familia inayofyeka hekta nzima juu juu, mvua zikija inakuta imeoteshea pori jipya. Kwa Burundi msimu wa kwanza hupandwa Septemba na Oktoba, kwa hiyo kazi hii ni ya Julai na Agosti, majani yakiwa makavu.

Adui mkubwa ni yale majani marefu yenye kichwa cheupe kama pamba, ambayo Watanzania wengi wanayaita motomoto. Chimba uone: mizizi yake ni myeupe, imechongoka kama sindano, na inaweza kutoboa muhogo na kiazi ardhini. Ukiichoma moto, juu inaungua, chini haiguswi, na inaota kabla ya kitu kingine chochote. Ukiikatakata kwa jembe ukaiacha kwenye udongo mbichi, kila kipande kinaota. Dawa yake ni subira: ilimwe jua likiwa kali, mizizi ikusanywe ikauke juu ya ardhi, halafu upande kitu kinachofunika udongo upesi, kama maharage yaliyobanana au maboga. Hayapendi kivuli kabisa. Muhogo usubiri.

Kuhusu kibiriti tunajua mtabishana nasi. Majivu yanarutubisha, hatukatai, lakini ni kwa muda mfupi, na kwenye vilima vyetu mvua ya kwanza inashuka na udongo wote mpaka bondeni. Moto nao haujui mpaka. Ukiunguza migomba au michikichi ya jirani, umeanza maisha ya nyumbani na kesi. Majani uliyofyeka yaache yalale juu ya udongo, yataoza na kushika unyevu.

Vijana wametuuliza kuhusu mashine ya kufyekea inayovutwa na trekta. Ipo, na inafanya kazi ya wiki kwa siku moja. Chini ya bati lake kuna visu vinavyozungushwa na shafti kutoka kwenye trekta. Visu hivyo vimefungwa kwa namna ya kurudi nyuma vikigonga kisiki. Inafaa tambarare, kama Imbo, Moso au bonde la Ruzizi, hasa kusafisha malisho, na kikundi kinaweza kuikodi kwa kuchangia. Kwenye kilima kikali trekta inapinduka, msijaribu. Wala isiingie shamba ambalo hakuna mtu amelipitia kwa miguu na kuulizia mambo ya vyuma. Jiwe likirushwa na visu linaruka makumi ya mita, kwa hiyo watazamaji wakae mbali kweli kweli. Na mama aliyejifunga kitenge asikaribie ile shafti inapozunguka: ikikamata ncha ya nguo inamvuta mtu mzima.

Wenye mifugo watazame pia lantana, kile kichaka cha maua ya njano na pinki chenye harufu kali. Ng'ombe akila majani yake anaugua ini, na ngozi inaungua kwa jua. Kukikata tu hakutoshi, kinachipua tena. King'olewe na mizizi kabla ya kuzaa mbegu, maana ndege huzisambaza.

Toleo lijalo tutazungumzia mbegu: zipi za kubeba na namna ya kuzikinga na fukusi njiani. Mwenye uzoefu aje ofisini kwetu asubuhi yoyote isipokuwa siku za mgao.