Bukari ni ileile, kazi imebadilika

Baba anayechimba kwa mikono mu Lubudi anamaliza nguvu ya bukari palepale kazini. Ule wa mashine anakaa siku muzima, lakini sahani ni ileile: kinachobaki kinageuka mafuta ya tumbo, na sukari inaweza kupanda mu damu.

Wamama, sombe, matembele na lengalenga vina nyuzi: vinashibisha na vinachelewesha sukari kuingia mu damu. Mawese mekundu yanaleta vitamini A, lakini karibu nusu yake ni mafuta yenye kupandisha kolesteroli. Ya kalanga ni mazuri zaidi kwa moyo. Lakini gramu 1 ya mafuta yoyote ina kalori 9; ya unga, karibu 4.

Basi mboga nusu ya sahani, bukari robo, mafuta kwa kijiko, hapana kwa chupa.